Mkono, jicho na ubongo: maswali mnayoniuliza kuhusu kujifunza upya na mashine za kusisimua ubongo

Ninafanya kazi ya mazoezi tiba hapa Moshi. Wengi ninaowahudumia wamepata kiharusi, wengine ni watoto wenye mtindio wa ubongo, wengine ni vijana walioumia kichwa kwa ajali za bodaboda. Maswali haya nimeulizwa kwenye benchi la kusubiria, ndani ya daladala, na mara nyingi nje ya kanisa baada ya ibada, mtu akinivuta pembeni: "Hebu nieleweshe kidogo kuhusu mzee." Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu, maana pale nje ya kanisa muda huwa hautoshi.

Hivi kinachojifunza ni mkono au ni ubongo?

Ni ubongo. Tunasema "mkono wa fundi", lakini msuli wenyewe unafuata amri tu.

Pita barazani kwa mafundi cherehani mjini, umwangalie mwanafunzi anayeanza. Kinachomsumbua kwanza si kushona, ni kukanyaga. Cherehani ya miguu ukiikanyaga vibaya kidogo, gurudumu linageuka kurudi nyuma, uzi unakatika, na mwanafunzi anainama tena kutunga sindano. Siku za mwanzo uzi unakatika kila baada ya muda mfupi. Baada ya wiki kadhaa utamkuta anapiga soga na mteja huku miguu inakwenda yenyewe. Muulize amewezaje, atakwambia "nimezoea tu". Ujuzi umo kichwani mwake, ila hauna maneno.

Jambo hilo lilionekana waziwazi kwa Mmarekani mmoja, Henry Molaison. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutibu kifafa kikali, na tangu hapo hakuweza kutunza kumbukumbu mpya. Ungemsalimia, ukatoka, ukarudi, angekupokea kama mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora kwa kufuata mistari ya nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomchanganya mtu yeyote. Kwa siku tatu makosa yake yalipungua siku hadi siku, ingawa kila alipoketi aliamini kwamba hajawahi kuiona kazi ile. Kumbukumbu ya matukio na kumbukumbu ya mwendo zina njia tofauti ndani ya ubongo. Kwa hiyo familia ikiniambia "bibi hawezi kufundishwa, anasahau hata majina yetu", nawajibu kwamba bibi bado anaweza kujifunza kutembea na mkongojo. Atasahau kwamba mimi ndiye niliyemfundisha, lakini miguu yake itajua.

Ubongo unajifunza kutokana na nini hasa?

Kutokana na kosa lake wenyewe. Naomba nikae kidogo kwenye swali hili, maana karibu kila jibu linalofuata limeegemea hapa.

Umewahi kunyanyua birika ukiamini limejaa, kumbe ni tupu? Linaruka juu, karibu likugonge uso. Kabla vidole havijalishika, ubongo ulishakadiria uzito na kuagiza nguvu. Makadirio yakikosea, ubongo unapokea tofauti kati ya ulichotarajia na kilichotokea, kisha unarekebisha. Ukilinyanyua mara ya pili haliruki tena.

Watafiti wanalipima jambo hili kwa miwani ya prizimu, yaani vioo vinavyosogeza kila unachokiona upande mmoja. Mvalishe mtu miwani inayosogeza picha kulia, mwambie arushe mpira kwenye shabaha. Mirusho ya kwanza inapita kulia. Baada ya kama kumi au ishirini anaanza kulenga sawasawa. Sasa mvue miwani: anakosa tena, safari hii kwa upande wa kushoto! Hakuamua kukosea. Ubongo ulikuwa umeshabadilisha hesabu zake, na sasa unalazimika kuzirudisha.

Anayefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ni serebelamu, ule ubongo mdogo ulio kisogoni. Ubongo mzima wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na karibu bilioni 69 kati ya hizo zimo kwenye serebelamu peke yake. Mgonjwa ambaye serebelamu yake imeharibika akivalishwa miwani ile, mara nyingi hukosa kulia mwanzo hadi mwisho, na ukimvua hakosi kushoto. Kosa analiona kwa macho, lakini halimfundishi.

Kwani macho hayaoni tu kama kamera?

Hapana, na unaweza kulipima mwenyewe sasa hivi. Chukua karatasi nyeupe, chora msalaba mdogo kushoto na nukta nene kulia, umbali wa sentimita 8 kati yake. Funga jicho la kushoto, kazia msalaba kwa jicho la kulia, kisha isogeze karatasi polepole mbele na nyuma. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni, nukta inatoweka. Hapo imeangukia mahali ambapo neva ya jicho inatokea, pasipo na seli za kupokea mwanga. Cha kushangaza ni kwamba huoni shimo jeusi, unaona karatasi nyeupe tu. Ubongo umejaza pengo.

Hata sehemu unayoiona kwa ukali kabisa ni ndogo, sawa na upana wa ukucha wa dole gumba au mawili mkono ukiwa umenyooshwa. Macho yanarukaruka kama mara tatu kwa sekunde kukusanya vipande, na ubongo unavishona pamoja hadi unahisi umeiona Kibo yote kwa mkupuo mmoja.

Zaidi ya hapo, kazi ya kuona imegawanywa. Mwaka 1983 watafiti wa Ujerumani walieleza habari za mwanamke ambaye ubongo wake uliharibika pande zote mbili kwa nyuma, akapoteza uwezo wa kuona mwendo. Rangi aliona, nyuso alizitambua, lakini kumimina chai kulimshinda. Chai ilionekana imeganda hewani kama barafu, na hakuona kikombe kikijaa mpaka kimefurika. Kuvuka barabara kulimtisha kwa sababu gari lililokuwa mbali ghafla lilikuwa limeshafika. Mgonjwa wako akianza kumwaga vitu mezani baada ya kiharusi, usimwite mzembe. Mlete, tupime mkono, na macho pia yapimwe.

Mzee wangu anakula nusu ya sahani tu, upande wa kushoto anauacha. Hashibi, analalamika, na chakula kipo. Amechanganyikiwa?

Pole sana. Hajachanganyikiwa, na huenda macho yake ni mazima. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo mara nyingi kinaondoa umakini wa upande wa kushoto. Kwake, kushoto ni kama hakupo. Atanyoa ndevu upande mmoja, atagonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango.

Ile miwani ya prizimu ilijaribiwa hapa. Mwaka 1998 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba wagonjwa wa aina hii, wakifanya zoezi la kulenga huku wamevaa prizimu zinazosogeza picha kulia, wakishavuliwa walianza kuangalia zaidi kushoto, na hali hiyo ilidumu kwa angalau saa mbili. Tafiti zilizofuata zimetoa majibu mchanganyiko, kwa hiyo siiuzi kama dawa. Nyumbani fanyeni hivi: kaeni upande wake wa kushoto mnapoongea naye, wekeni utepe mwekundu pembeni kushoto mwa sinia, na mumkumbushe autafute kwa macho kabla ya kuanza kula. Msimgeuzie sahani kila siku. Mkigeuza nyinyi, yeye hatafuti.

Hizi mashine za kusisimua ubongo ni kitu gani?

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo, na jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1870 Wajerumani wawili, Fritsch na Hitzig, waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu na mguu wa upande wa pili ukacheza. Karne ya 20, huko Montreal, daktari wa upasuaji Wilder Penfield aligusa ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji, akachora ramani: hapa kidole, hapa mdomo, hapa goti. Katika ramani hiyo mkono na uso vimechukua eneo kubwa kuliko mgongo mzima, kwa kuwa kuongoza vidole kunahitaji seli nyingi.

Mwaka 1985, mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kwamba ubongo unaweza kusisimuliwa kwa sumaku bila kufungua fuvu. Koili ya waya inawekwa juu ya kichwa, umeme mkubwa unapita ndani yake kwa muda mfupi mno, sumaku inayotokea inapenya mfupa na kuzalisha umeme mdogo kwenye gamba la ubongo. Ikilenga sehemu ya mkono, unasikia "ta!" na dole gumba linaruka bila wewe kutaka. Ikilenga kisogoni kwenye eneo la kuona, baadhi ya watu huona kimulimuli hata wakiwa wamefumba macho. Huo ni uthibitisho mzuri kuliko maneno yangu kwamba kuona kunakamilika ubongoni.

Aina ya pili ni umeme dhaifu unaopita kati ya vitambaa viwili vyenye maji ya chumvi vilivyobandikwa kichwani, kwa kawaida miliampea 1 hadi 2, dakika 10 hadi 20. Huu haurushi kidole. Unafanya seli ziwe wepesi au wazito kidogo kuitika.

Ya tatu ni upasuaji: waya mwembamba unapelekwa ndani kabisa ya ubongo na betri inazikwa chini ya ngozi ya kifua. Mwaka 1987, mjini Grenoble, Alim-Louis Benabid na wenzake walianza kutumia msisimko wa kasi wa aina hii kuzuia mtetemeko, na leo ni tiba inayokubalika kwa baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na mwendo mzito. Anapowashiwa, mtetemeko wa mkono unaweza kupungua palepale. Ugonjwa wenyewe hauponi.

Ndiyo ile shoti ya umeme wanayopewa wagonjwa wa akili?

Sivyo. Ile inasababisha degedege kwa makusudi, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kwa sonona kali inasaidia sana. Hizi za sumaku na umeme dhaifu mtu anakaa kwenye kiti akiwa macho. Marekani iliruhusu ile ya sumaku kwa tiba ya sonona mwaka 2008.

Basi kwa nini msimwekee mgonjwa wangu wa kiharusi, mkono ukarudi haraka?

Nawaelewa mnaouliza hivi. Mtu aliyelala akiwa mzima akaamka hawezi kushika kijiko, ungependa kuwe na swichi.

Ukweli ni huu. Mwaka 2018 yalitoka majibu ya jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wagonjwa 199 wa kiharusi ambao mkono ulikuwa dhaifu. Nusu na zaidi walipata sumaku ya kweli, waliobaki walipata sumaku ya kuigiza. Wote walifanya mazoezi ya mkono chini ya wataalamu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na kwa kiasi kinachokaribiana. Mimi naisoma habari hiyo kama habari njema kwa watu wa Moshi: nafuu ilipatikana hata bila sumaku.

Ipo njia nyingine iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2021. Kifaa kinapandikizwa kifuani na kuunganishwa na neva ya vagasi, neva ndefu inayopita shingoni kwenda ubongoni, na mtaalamu anakibonyeza wakati uleule mgonjwa anapojaribu kushika kitu. Katika jaribio lake, waliopata msisimko wa kweli walisonga mbele kuliko wenzao. Lakini angalia ulivyopangwa: msisimko unakuja juu ya jaribio la mgonjwa. Mgonjwa asipojaribu, hakuna cha kusisimua.

Kuna mtu ameniuzia kifaa cha betri cha kubandika kichwani. Nikitumie?

Usikitumie, tafadhali. Familia moja ilinijia na kifaa cha namna hiyo kilichokuja bila maelezo yoyote. Waliambiwa kitaamsha upande uliolala, wakakitumia kila usiku. Mama wa watu alikuwa na vidonda viwili vya kuungua kwenye paji la uso, na kwa wiki zile zote hakuna aliyemfanyisha mazoezi kwa sababu walikuwa wanasubiri kifaa kifanye kazi. Vidonda vilipona. Zile wiki ndizo zinazoniuma mpaka leo.

Mwenye historia ya kifafa, mwenye chuma kichwani, mwenye kifaa cha kusaidia moyo na mjamzito wasiguse hata kwa majaribio.

Marudio mangapi kwa siku?

Mengi kuliko mnavyodhani. Majaribio ya wanyama yaliyoonyesha ubongo ukijipanga upya yalitumia mamia ya marudio kwa siku. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walihesabu marudio ya kazi za mkono katika vipindi halisi vya tiba, wakapata wastani wa 32 tu kwa kipindi. Hospitali peke yake haitoshi, huko wala huku.

Kwa hiyo natumia mahindi. Hindi moja lina punje mia kadhaa, na kila punje ni jaribio moja la dole gumba. Mama yangu mdogo kule Machame, mkono wake wa kulia ulipolegea, nilimwekea ungo mapajani. Siku ya kwanza alipukuchua punje tisa, nyingi zikarukia chini kwa kuku, jasho likamtoka kama aliyelima. Nilimwambia mkono wa kushoto ushike gunzi tu, usisaidie. Siku ya nne aligundua mwenyewe kwamba akilaza dole gumba badala ya kulisimamisha, safu nzima inatoka. Sikumfundisha hilo. Msimu wa mahindi ukiisha, chambueni maharage au mchele, au chumeni kahawa iliyoiva kama ipo shambani.

Imepita miezi sita. Tumechelewa?

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye nguvu, msiipoteze. Lakini mlango haufungwi. Mwaka 2006 jaribio la wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla lilitumia mbinu iliyoanzishwa na Edward Taub: mkono mzima unavalishwa glovu nene karibu siku nzima kwa wiki mbili, ule dhaifu unafanya kazi. Walioifuata walipata nafuu kuliko wenzao, na ilikuwa bado ipo baada ya mwaka. Inawafaa walio na mwendo kidogo wa vidole na kifundo cha mkono. Aliyelegea kabisa tunaanza kwingine.

Kuwaza mazoezi bila kuyafanya kunasaidia?

Kunasaidia, ila si sawa na kufanya. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake waliwafundisha watu wasiojua kinanda zoezi la vidole vitano, saa mbili kwa siku, siku tano. Ramani ya vidole ubongoni ilipanuka, na ilipanuka pia kwa waliokaa mbele ya kinanda wakiwaza tu. Waliofanya kweli walipiga vizuri zaidi. Kwa mgonjwa aliyechoka, au kijana wa kwaya ambaye kinanda cha kanisa hakipati ila Jumamosi, ni nyongeza ya bure.

Na usingizi?

Alale. Mpangilio wa vidole uliofunzwa mchana mara nyingi unakuwa bora baada ya usiku wa usingizi, na mgonjwa aliyekesha hujifunza vibaya. Punguzeni wageni wa saa nne usiku.

Mtoto wangu ana makengeza. Atapona akikua?

Usisubiri. Jicho lililopinda, ubongo unaweza kulipuuza, likawa kama limefungwa. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopewa Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wachanga kwamba jicho lililofungwa katika kipindi fulani cha utoto linapoteza nafasi yake ubongoni, hata likija kufunguliwa baadaye likiwa zima. Kwa binadamu ni miaka ya mwanzo ya utoto. Mpeleke kliniki ya macho mwezi huu.

Tafiti hizi zinafanyika kwetu, au ni za Wazungu tu?

Nyingi zimefanyika Ulaya na Marekani, tena kwa wanafunzi wa vyuo, na hilo lina gharama. Elektrodi, yaani vile vipande vya umeme vinavyobandikwa kichwani, nyingi zilibuniwa kwa nywele laini. Dada aliyesuka anaambiwa afumue au anaachwa nje ya utafiti, wakati msusi yeyote wa mtaani angesuka twende kilioni, njia zikabaki wazi palepale elektrodi inapotakiwa kukaa. Natamani waandaaji wawaulize wasusi kwanza.

Hata hivyo wilaya yetu ya Hai ina jina katika fani hii. Kati ya 2003 na 2006 kiharusi kilihesabiwa huko na jijini Dar es Salaam, na kwa mwaka kilionekana kuwapata watu wapya 108.6 kwa kila 100,000 Hai, dhidi ya 315.9 Dar, baada ya kusawazisha umri, yaani kuhesabu kana kwamba kote kuna mgawanyo uleule wa vijana na wazee. Vilevile watu walipita nyumba kwa nyumba Hai kutafuta wenye Parkinson, na wengi wa waliopatikana walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wameitwa wazee tu.

Ukiombwa kushiriki utafiti, omba fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, uliza ni kamati gani ya maadili iliyouidhinisha, na ujue unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako.

Sisi nyumbani tumsaidieje? Tunamvalisha, tunamlisha, tunamfungia vifungo.

Najua mnafanya kwa upendo. Ila kila kifungo mnachomfungia ni jaribio mnalomnyima, na kosa lake ndilo lenye somo. Kaa karibu asianguke, funga mikono yako nyuma, mwache ahangaike na kifungo cha kwanza hata dakika kumi. Kama ibada ni saa moja, mwamsheni saa kumi na moja na nusu, mumpe shati mkononi.